Bonane (mwaka mpya) ya familia Lubumbashi: kila nyumba ilete sufuria yake, ao mwenye kukaribisha alishe wote?

Yaya wa Ruashi

Jambo yenu wote. Mwezi wa kumi na mbili umeingia, na kwetu maneno ya Bonane yameshaanza kuchoma. Niwaeleze, kisha mniambie mnavyofanya kwenu.

Sisi ni watu arobaini na kitu, tukihesabu wakwe na watoto. Tangu zamani, tarehe 1 Januari wote wanakusanyika kwa mkubwa wa familia. Baba alipokuwa hai mkubwa alikuwa yeye, na hakuna aliyeuliza chakula kinatoka wapi. Kilitoka Gécamines, shirika la migodi: mshahara, na posho ya unga juu yake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoanza kutolewa kwa ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari (hiari gani, waliokuwepo wanajua), posho ilikwisha lakini desturi ya kulisha watu wote ilibaki palepale. Ikahamia kwa mama na meza yake ya sokoni. Sasa imemwangukia kaka yetu mkubwa, kwa sababu tu anafanya kazi Kolwezi, na watu wanadhani kila anayeingia mgodini analala juu ya kobalti.

Kila mwaka ni vilevile. Mshahara wa Desemba unaisha siku moja, tena na deni dukani. Januari shule zinafunguliwa, mtoto wa sekondari anarudishwa nyumbani sababu minervali (ada ya shule) haijalipwa.

Pendekezo langu: kila nyumba ilete chakula kimoja kilichopikwa, kwa sufuria yake. Mwenye kukaribisha atoe mahali, viti, maji na bukari (ugali). Shangazi amelikataa mbele ya watu wote. Anasema mgeni akija na chakula chake anatangaza kwamba nyumba ile ina njaa. Mimi naona aibu ni kumwingiza kaka kwenye deni ili tule kuku. Mliojaribu, semeni.

Papa wa Kamalondo

Mwana, jambo. Shangazi yako iko na haki.

Kwetu mugeni anakuyaka mikono mitupu, anarudiaka tumbo yenye kujaa. Mu kambi za Union Minière, ile kampani ya migodi ya zamani, na nyuma mu za Gécamines, tulikuwa tunaishi mulango kwa mulango: Baluba, Babemba, Balunda, Batshokwe. Siku ya Bonane batoto balipita mu nyumba zote na manguo ya mupya, na kila nyumba ilikuwa na sahani ya tayari. Hakuna mama aliulizaka “weye umeleta nini?”

Unajua ni wapi bantu banabebaka sufuria na mufuko ya unga? Ku kilio. Ku kilio kila mutu analeta, juu wenye nyumba bako na huzuni, habawezi kupika. Sasa weye unataka bantu bapite mu barabara na masufuria tarehe moja ya mwaka? Majirani batauliza ni nani amekufa.

Kama makuta (pesa) hapana, mupike kidogo. Lengalenga (mchicha) na bukari, ile pia ni Bonane.

Mudogo wa Bel-Air

Papa, kwa heshima yote, lengalenga na bukari tarehe 1 Januari hakuna mtu atakayerudi mwaka unaofuata 😂

Na kinywaji je? Hapo ndipo fedha inapoishia. Na vidanji! Watu wanakwenda depo tarehe 31 na pesa mkononi, wanaambiwa bila chupa tupu hakuna bia. Kila nyumba ianze na kuleta vidanji vyake.

Mpishi wa Njanja

Mimi napika kwa kazi, harusi na matanga, kwa hiyo nizungumze upande wa sufuria.

Yaya, wazo lako ni zuri lakini ukiliacha hivyo litakuangusha. Ukisema “kila mtu alete chakula”, utapata sufuria sita za wali na moja ya maharage. Wali ni rahisi, ndiyo maana kila mtu ataleta wali. Lazima mgawane majina ya vyakula mapema, na mtu mmoja ashike karatasi. Asiwe mtu wa kuona haya kupiga simu.

Hesabu ya watu arobaini, nusu yao watoto: unga wa mahindi kilo saba hivi unatosha, maana kilo moja inashibisha wakubwa watano mpaka sita kama kuna mboga nyingi. Usipike bukari yote kwa mara moja. Sufuria kubwa inakushinda kusonga, katikati kunabaki unga mbichi. Pika mara tatu, ya mwisho itoke motoni wageni wakiwa wamekaa.

Mbuzi mwenye kilo 25 akiwa hai atakupa nyama karibu kilo 12 pamoja na mifupa. Hiyo ni mapande hamsini ya mchuzi, kila mtu na lake na machache ya kubaki. Sasa mbuzi huyo akinunuliwa mwanzo wa Desemba ana bei moja, akinunuliwa tarehe 30 ana bei nyingine kabisa, na wauzaji hawana huruma. Mnunue mapema, mumfunge uani, watoto wamlishe.

Unga ni hivyohivyo. Mavuno ya mahindi kwetu yanaanza kuingia kuelekea mwezi wa nne, kwa hiyo Desemba mpaka Februari ndio wakati ghala ni tupu na unga uko juu. Unga wa kutoka Zambia nao unategemea mpaka wa Kasumbalesa umeamkaje. Familia inayojua itakula Bonane pamoja inaweka gunia la mahindi mwezi wa saba, inasaga Desemba. Makala (mkaa) pia: mvua zikishika, barabara za porini zinakuwa tope na gunia linapanda. Nunueni sasa hivi, muweke pakavu.

Sombe, mtu anayeileta aitwange na kuichemsha vizuri kwake. Jani la muhogo lina sumu yake ya asili, na kutwanga na kuchemsha sana ndiko kunaiondoa. Sombe ya haraka haraka ya asubuhi ya Bonane siiamini. Tena inanywea: kifurushi kinachoonekana kikubwa sokoni kinakuwa vijiko vichache.

Kuhusu aibu ya Papa wa Kamalondo sina neno. Mimi nikifika, watu wameshagombana tayari.

Mukwe wa Kasai

Mnasahau buko, ile heshima ya ukwe. Mimi nimeoa familia ya hapa, asili yangu Kasai. Mama mkwe wangu na mimi hatuli mbele ya macho ya mmoja na mwingine, na siko tayari kuanza kwa ajili ya Bonane. Sasa katika mpango huu wa sufuria, mke wangu akileta kuku tuliyempika, mama mkwe atakula chakula kilichotoka kwangu kikiwa bado na jina langu juu? Na nani anashika firigisi? Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba. Nyumba nne zikileta kuku, kuna firigisi nne na wababa kumi na wawili. Nawaambia tutagombana.

Mudogo wa Bel-Air

Leteni thomson. Samaki hana firigisi.

Papa wa Kamalondo

Mukwe iko na akili. Na miye nikae mbali na mama mukwe wangu, minasema paka hivyo.

Lakini musikilize. Niko na njia. Mulete byakula bibichi, na mulete siku mbele. Tarehe 29, tarehe 30, kila nyumba itume mutoto na kuku, ao mafuta, ao unga. Byote biingie ku mulango ya nyuma. Siku ya Bonane, kintu kyenye kitatoka ku jiko ni kya mwenye nyumba. Hakuna jina ku sufuria. Heshima inabakia, na mukubwa halipe yote.

Yaya wa Ruashi

Papa, hapo umenigusa. Hiyo hata Shangazi anaweza kuikubali. Kwake shida ni kuonekana.

Bibi ya mukubwa

Naomba nami niseme, maana tangu juu mpaka hapa mmezungumza juu ya kaka, shangazi, mama mkwe, mbuzi na firigisi, na hakuna aliyeuliza mke wa huyo kaka anasema nini.

Mimi ni mke wa mkubwa, familia nyingine, mtaa mwingine, lakini hadithi ni ileile. Tarehe 31 usiku tuko kanisani kwa mkesha. Tunatoka saa sita imepita, watu wanakumbatiana, Bonane, Bonane. Wenzangu wanakwenda kulala. Mimi nakwenda kuwasha mbabula (jiko la makaa). Umeme ukiwepo ni bahati, na siku ile kila nyumba ya mtaa imewasha kila kitu. Alfajiri nasonga, namenya, nakaanga. Saa tano mawifi wanaingia na vikwembe vipya, wanapiga picha, wanakaa. Kuna mmoja anafunua sufuria kuangalia kama mafuta yanatosha. Anafunika. Anarudi kukaa.

Sasa Papa anasema mlete vibichi, kwa mlango wa nyuma, jina lisionekane. Kuku sita wazima wakiingia kwangu tarehe 30, ni nani atawanyonyoa? Ni nani atatwanga ile sombe mbichi? Heshima ya familia mmeiokoa, na kazi yote mmeiacha kwangu. Tena mmeiongeza, maana zamani mume wangu alinunua kuku wawili tu.

Mpango wa Yaya, wa vyakula vilivyopikwa, unanipendeza hata kabla ya hesabu ya pesa, kwa sababu unagawa moto. Kila mwanamke anakesha kidogo kwake, badala ya mmoja kukesha kwa ajili ya wote. Na wanaume je? Kwenye harusi ninaona wanaume wanachoma nyama vizuri sana na bia mkononi. Kwa nini Bonane nyumbani wanasahau?

Mpishi wa Njanja

Mama, umesema yote.

Fundi frigo Katuba

Nakubaliana na Bibi ya mukubwa, ila niongeze jambo moja kwa wale wanaopika usiku kwao na kubeba mchana. Chakula kilichopikwa kisikae vuguvugu. Zaidi ya saa mbili hivi nje ya moto na nje ya baridi, vijidudu vinaanza kazi. Wali ndio mbaya zaidi, watu hawaudhanii. Kwa hiyo ama kilale kwenye frigo na kichemshwe tena mpaka kitokote, ama kipikwe asubuhi kifike kikiwa moto kabisa. Sufuria ikifungwa kwa blanketi nzito inashika moto njia yote.

Kuhusu delestaji (umeme kukatwa), msiogope sana konjelateri (friza). Ikiwa imejaa na haifunguliwi, inashika baridi siku mbili nzima bila umeme. Ikiwa nusu, siku moja. Kinachoiua ni watoto kufungua kila dakika kutafuta sukre (soda). Kama nafasi imebaki, jaza chupa za maji ziwe barafu, na wekeni vinywaji kwenye beseni la barafu nje, nyama ibaki peke yake ndani. Watu wakitaka kufungua, wafungue beseni.

(Tuna waya unaoleta umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, tangu miaka ya 1980. Na bado mwaka mpya tunahesabu makala. Haya, tuache.)

Mtu wa Kadutu

Nawasoma kutoka Bukavu. Huku kwetu sambaza na sombe havikosi, na wazee wanataka kasiksi yao, ile pombe ya ndizi. Mambo ya sufuria kutoka nyumba mbalimbali tumezoea, hasa kwa marafiki na watu wa kanisa. Kwa familia yenyewe bado kuna ugumu uleule. Kwa hiyo msidhani ni Katanga tu.

Ila swali: kwa nini lazima tarehe 1? Tarehe 4 Januari ni siku ya mapumziko nchi nzima. Bei zimeshuka, usafiri upo, waliochoka wamelala. Kuleni pamoja siku ile.

Papa wa Kamalondo

Tarehe ine ni siku ya kukumbuka bantu benye balikufa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1959 juu ya uhuru. Siku ya kukumbuka, hapana ya kuchoma mbuzi.

Kama munataka siku ingine, kuko tarehe 1 mwezi wa munane, siku ya bazazi. Asubui munasafisha makaburi, nyuma munakula na bazazi benye bangali bazima. Lakini Bonane ni Bonane.

Mtu wa Kadutu

Nimekubali, mzee wangu. Nirudishe kwenye sambaza.

Mjukuu wa Kipushi

Hakuna aliyetaja munkoyo mpaka sasa, na ndio unaoweza kupunguza bili ya sukre kwa nusu.

Ni unga wa mahindi, maji na mizizi. Pika uji mwepesi, uive sawasawa. Uache upoe mpaka uvumilie mkono, hapo ndipo uweke mizizi ya munkoyo iliyopondwa na kulowekwa. Ukiiweka uji ukiwa unatokota umeharibu, kwa sababu ile mizizi ina kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, na moto mkali unakiua. Ikienda vizuri utaona mwenyewe: baada ya saa chache uji uliokuwa mzito unakuwa majimaji na utamu unatoka. Chuja. Kesho yake unakunywa wenye uchachu kidogo, watoto na walokole wote wanakunywa. Ukiukalisha zaidi unaanza kupanda kichwani, usiwape watoto.

Kwa hiyo tarehe 30 jioni upike, tarehe 1 uko sawa kabisa. Mizizi iko soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, ichague mikavu isiyo na ukungu.

Mpangaji Kampemba

Kuna kundi mmelisahau: sisi tusio na familia hapa. Mimi nimetoka Kalemie kwa kazi, kwetu ni mbali, barabara mnazijua. Bonane nakaa chumbani nasikia ngoma za nyumba zote tatu za uani.

Siombi kualikwa. Nataka tu kusema, kwenye hesabu ya watu arobaini ongezeni sahani za watu wasiotajwa. Mpangaji, mlinzi wa zamu, mjane wa nyuma ya ukuta. Na watoto! Asubuhi ya tarehe 1 watoto wa mtaa mzima watapita “Bonane! Bonane!” wakiwa wamevaa vipya, na usipokuwa na biskuti au bonbon mlangoni unaonekana mchawi. Mwenye kukaribisha ndiye anayebeba hao wote peke yake, na hakuna ndugu anayewachangia. Kwa hiyo nyumba moja kati yenu ipewe kazi hiyo tu: kifuko cha bonbon na sufuria ya ndazi za wapitaji.

Yaya wa Ruashi

Mpangaji, umenifanya niongeze mstari kwenye karatasi. Na ukipita Ruashi siku ile, sahani ipo.

Nimerudi na habari. Jana tulikaa, nikawasomea baadhi ya maneno yenu bila kutaja yametoka wapi. Ya Bibi ya mukubwa niliyasoma polepole. Mke wa kaka yangu alikuwa jikoni, sauti ya mwiko ikasimama. Hakusema kitu, lakini baadaye alinishika mkono.

Tumefika hapa:

Mbuzi na unga ni kotizasyo (mchango) ya wote. Kila nyumba inatoa kwa uwezo wake, bado kiasi hakijatangazwa na hakitatangazwa, mama ndiye anayepokea na ndiye pekee anayejua. Mbuzi anakwenda kwa mlango wa nyuma kama alivyosema Papa, na mezani ni mbuzi wa kaka. Hapo Shangazi ameridhika.

Mboga zinapikwa kila mtu kwake. Sombe kwangu, maharage kwa mdogo wangu, lengalenga na matembele kwa binti za Shangazi. Sufuria zinafika saa tatu asubuhi, kabla ya mgeni yeyote, na gari la shemeji litapita kuzichukua zote. Hakuna atakayetembea nayo barabarani, Papa asituombolezee. Ndani zinahamishwa kwenye mabakuli ya nyumba.

Kuchoma mbuzi na thomson ni kazi ya wanaume kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kununua makala ni yao. Shemeji mmoja alisema hajui kuchoma. Aliulizwa picha ile ya zoo mwaka jana na brosheti (mishikaki) mkononi ilikuwa ya nani.

Kuku hakuna mwaka huu. Tumeondoa firigisi katika mjadala.

Mke wa kaka anapika bukari peke yake, kwa sababu ameitaka mwenyewe, anasema bukari ya watu wengine inamwudhi. Baada ya hapo anakaa. Shangazi atamhudumia sahani. Hili lilichukua muda mrefu kuliko yote, na sina uhakika litatimia.

Papa wa Kamalondo

Muzuri. Ile mambo ya mabakuli, munafanya akili sana.

Lakini mbuzi bila kuku… Nkambo wenu hana meno. Atakula nini?

Mpishi wa Njanja

Maini. Myatoe mapema, myapike na kitunguu na nyanya, laini kabisa. Msiyaache kwa wachomaji, yatakuwa kiatu.

Mukwe wa Kasai

Na mimi nitakaa wapi? Sitaki kukosea njia nikamkuta mama mkwe anakula.

Yaya wa Ruashi

Mukwe, familia yako si yetu, lakini fanyeni kama sisi: wakwe wanaume wanakula chini ya mwembe, karibu na moto wa kuchoma. Mvua ikinyesha, na Januari itanyesha, wanahamia barazani mbele, wamama wanabaki ndani. Tumekodi turubai moja.

Mudogo wa Bel-Air

Na sono (muziki)? Nina rafiki mwenye bafu (spika) mbili kubwa, anakodisha bei ya kindugu.

Bibi ya mukubwa

Bei ya kindugu tarehe 1 Januari! Muulize kwanza nani analeta mafuta ya grupu (jenereta).

Mudogo wa Bel-Air

…nitauliza.

Yaya wa Ruashi

Uliza na vidanji. Tumehesabu kwetu jana, tumekosa chupa nyingi sana, na zote ziko kwa kina Shangazi.